Mzigo wa Tatu

Habari hii nilipewa na Felista Sekalinga, mwaka ule wa barafu iliyounguza mahindi ya kuchelewa, siku tatu mfululizo tulipokuwa kwake tukipukuchua yale machache yaliyopona. Felista alikuwapo mwanzo mpaka mwisho, ukiacha mambo ya kule chumbani, ambayo aliyapata kwa Veneranda Semfilinge mwenyewe, na Veneranda hakuwa mtu wa kuongeza chumvi. Zamani habari hii haikusemeka. Sasa lile hangari la ndege za jeshi kule Ilundamoto linawekwa mbolea, mitambo imeng'olewa, na waliokuwa wakubwa wanafuga kuku kwao. Basi na isemwe.

Veneranda alikuwa na miaka sitini na miwili jeshi la Shirikisho lilipomfuata sokoni. Walimkuta amekalia kikapu. Hakuwa amechoka, la. Wasusi wa kwetu hawauzi kikapu kabla ya kukipindua na kukikalia kwa uzito wao wote, mbele ya mnunuzi. Kikibonyea, unakirudisha nyumbani kimya kimya. Kikishika, unasimama na kutaja bei.

Waliokuja walikuwa wawili. Mmoja Kanali Rwezaura, mrefu, kiatu kinang'aa hata katika vumbi la soko. Wa pili Mhandisi Tito Kisoka, kijana mwenye miwani na simu mbili. Kisoka alikichukua kile kikapu, akamimina ndani yake chupa nzima ya maji, akangoja. Halikudondoka hata tone.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

"Mama."

"Na yeye alifundishwa na nani?"

"Kamuulize. Yuko pale nyuma ya kanisa, kaburi la tatu."

Kanali alicheka, Kisoka hakucheka. Wiki iliyofuata lori lilipita kuchukua wasusi wanane, Veneranda akiwa mkubwa wao.

Sasa hebu nikueleze kitu walichokwenda kukisuka. Ndege unazozijua zina mabawa mawili, moja kulia na moja kushoto, kama kuku. Ile ya Ilundamoto ilikuwa na bawa moja tu, nalo lilikuwa duara. Kiwiliwili cha ndege kilipita katikati yake kama mchi uliopitishwa kwenye kikapu kisicho na kitako. Upepo ulipita nje ya duara na ndani ya duara. Kisoka aliwaeleza siku ya kwanza kwamba ndege hupiga kelele nyingi pale bawa linapoishia, hewa inapochanika kwenye ncha. Bawa la duara halina ncha. Halianzi popote, haliishi popote. Kwa hiyo halilii.

"Ndege isiyolia ya nini?" Felista aliuliza. Huyu ndiye aliyenisimulia, mwanamke mfupi, mdomo wake haupati likizo.

"Ya ulinzi, mama."

"Mlinzi anayenyata namjua mmoja. Alituibia mbuzi."

Chuma hakikuweza kazi ile, maana bawa lilitakiwa kujikunja na kujinyoosha likiwa angani, kama shingo ya bata. Kwa hiyo walitumia uzi hai. Uzi huo uliota ndani ya matangi ya vioo, mwembamba kama utambi wa taa, rangi ya asali. Ukiupitishia umeme kidogo unajikaza, ukiukatia unalegea. Mashine zilishajaribu kuusuka miaka minne. Kila zilipousuka, ulikufa.

Wanawake wale wanane waliusuka kwa miezi tisa, duara juu ya duara, wakizunguka jukwaa wameketi kwenye vigoda. Kijijini waliitwa wanawake wa ungo. Jumapili kanisani hakukosekana mtu wa kumnong'oneza Veneranda, "Mama Vene, nikija kwako nitapata nafasi ya dirishani?" Au, "Nishushe Mbeya basi, nimsalimie shangazi." Yeye alijibu hivyo hivyo kila mara: "Vaa nguo nzito, juu kuna baridi."

Walisuka wakiwa wamevaa glavu nyembamba za kijivu. Glavu zile zilihesabu kila kidole kinavyokwenda, nguvu kiasi gani, pembe kiasi gani, zikapeleka hesabu kwenye mtambo uliokuwa umefunikwa turubai pembeni mwa hangari. Mtambo ulikuwa unajifunza. Hilo hawakufichwa. "Ukishajua," Kisoka aliwaambia, "nyinyi mtapumzika."

Jambo moja lilimkera sana kijana yule. Msusi wa kwetu anapovuta uzi huubana kwa meno, mkono mmoja ukiwa umeshika kazi na mwingine unapitisha. Hafikirii anapofanya hivyo, kama wewe usivyofikiria unapopepesa macho.

"Mama Felista!" Kisoka alipiga kelele. "Huo ni uzi wa jeshi, si muwa!"

Hangari zima likaangua kicheko. Kesho yake wakapewa barakoa. Akiwapo Kisoka barakoa zilikaa puani, akitoka kidogo zilishuka kidevuni, na kazi ikaendelea kama ilivyokuwa. Kamera zilizowapiga picha za kuufundisha mtambo hazikudanganyika, lakini Kisoka aliona aibu wakubwa kuona wanawake wanatafuna mali ya Shirikisho, akaagiza picha zote zenye midomo zifutwe. Zibaki za mikono tu. Alizifuta mwenyewe, kwa kidole chake.

Mwezi wa nne wa kazi Veneranda aliugua fizi, meno manne ya mbele yakatoka. Aliendelea kusuka wiki mbili kwa mikono peke yake, bila kubana uzi kwa meno. Vipimo vya Kisoka havikuona tofauti. Lakini walipolipima bawa kwa mifuko ya mchanga, wakalitundikia mzigo, wakautoa, wakautundika tena, wakautoa, mara ya tatu safu alizosuka Veneranda zikaachia, zake peke yake. Alizifumua bila neno. Zahanati ya jeshi ikampa meno ya bandia, akasuka upya, zikashika.

Hapo ndipo alipojua. Uzi hai ukivutwa huimba. Sikio halisikii, taya ndilo linalosikia. Ukiuvuta sawasawa unaimba kama nyuki walio mbali. Ukizidisha kidogo unanyamaza, na ukinyamaza umekufa. Uzi mfu hubeba mzigo wa kwanza vizuri, na wa pili. Wa tatu haubebi. Wenzake walibana uzi kwa meno maisha yao yote, hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini. Veneranda alijua kwa sababu yeye aliyakosa. Hakumwambia mtu. Hakuona kama kuna mtu anayeuliza.

Bawa la kwanza lilipokwisha, walilipindua, na wanawake wote wanane wakapanda kulikalia, Kanali akiwatazama kama mtu anayetazama harusi ya kabila asilolijua. Lilishika. Kapteni Ombeni Mrutu, rubani, kijana mpole wa Upare, alilirusha wiki ile ile. Wote walisimama uwanjani. Ndege ilipita juu ya vichwa vyao, kivuli chake cha duara kikawapitia usoni, na hawakusikia chochote ila mtu mmoja akikohoa.

Veneranda alilia siku ile. Felista anasema alilia kwa raha.

*

Mwezi wa Agosti, wiki kadhaa baada ya ndege kuruka, siku ya soko, mwanamke mmoja mgeni alisimama mbele ya vikapu vya Veneranda, mgongoni kabeba mtoto mkubwa wa kutembea. Alijitaja jina lake Minza. Alitaka kikapu cha kubebea vyombo, maana vyombo vyake vilikuwa vimefungwa kwenye shuka.

"Mnatoka wapi, mama?"

"Bonde la Nyamalu."

"Mbali! Mmehama?"

"Tuliambiwa tuhame, tukakataa. Maji ni yetu, makaburi ni yetu. Basi wakatuhamisha."

"Kwa bunduki?"

Minza akatikisa kichwa. "Ingekuwa bunduki tungesikia. Mbwa hawakubweka. Mchana kweupe, jua la saa saba. Niliona kivuli tu kinapita juu ya majani. Nikatazama juu, kikawa kimeshapita. Na hewa ikawa inanyesha unga, mwepesi, kama mtu anapepeta. Siku ya pili majani yakawa meupe. Ng'ombe wakala. Ng'ombe mia na arobaini, mama. Sikuzika hata mmoja, nguvu ya kuzika ningeitoa wapi?"

"Kivuli," Veneranda alisema. "Kilikuwa cha namna gani?"

Minza alichora hewani kwa kidole. Duara.

Mtoto mgongoni aligeuza uso kuelekea sauti ya Veneranda. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa. Alikuwa amelala na ndama nje, unga ulipopita.

Veneranda alimpa Minza kikapu kikubwa kuliko vyote. Minza alipotoa hela, hakuzipokea. Minza akasema, "Mungu akubariki kwa mikono yako," akaenda, na neno lile likabaki pale mbele ya vikapu.

Jioni alimweleza Felista. Felista alikaa kimya, jambo ambalo Veneranda hakuwahi kuliona.

"Sisi tulisuka tu," Felista akasema mwishowe.

"Ndiyo. Tulisuka."

"Tutafanyaje sasa?"

"Mtambo ule haujui," Veneranda akasema. "Kuna kitu haujui. Wataulazimisha usuke, watatundika mizigo mitatu, bawa litakatika palepale chini, wataona aibu, watafunga hangari. Sisi tunyamaze tu."

"Kitu gani haujui?"

"Usikijue na wewe. Wewe mdomo wako una miguu."

Hilo ndilo kosa alilofanya, na hakuwahi kulikana. Aliamini kwamba watatundika mizigo mitatu.

*

Kanali alitangaza mwanzoni mwa Oktoba. Mtambo umefuzu. Umesuka bawa kwa siku tisa badala ya miezi tisa. Alhamisi wageni kutoka makao makuu watakuja kuliona likiruka, na wakiridhika, mtambo utasuka mabawa mia tatu. Wasusi waje wamevaa vizuri, na glavu zao mikononi, watapewa vyeti.

Asubuhi ya Alhamisi bawa jipya lilikuwa katikati ya hangari, limeshafungwa kwenye ndege, rangi ya asali, limesukwa sawa mno. Wageni walikuwa wamekwisha kaa kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe. Kapteni Ombeni alikuja kwa wanawake kabla ya kwenda kupanda.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, baba."

"Nimekuja kuomba. Lile la kwanza mlilikalia, nikaruka moyo wangu umetulia. Na hili nalo likalieni."

Wanawake wakaanza kucheka, wengine wakikusanya vitenge vyao wapande. Veneranda alinyoosha mkono akawazuia.

"Mhandisi," akamwita Kisoka, "mlilitundikia mizigo mingapi?"

"Mmoja, mama. Lilishika vizuri sana. Muda haukuruhusu."

Veneranda aligeuka. Alimtazama Kapteni, kola yake safi, shingo aliyonyolewa asubuhi ile. Wala usidhani wazo halikumjia. Lilimjia lote, limevaa nguo na viatu. Akinyamaza, bawa hili litamwachia yule kijana huko juu, wageni wakiona kwa macho yao, na hakutakuwa na mabawa mia tatu. Hakutakuwa na hata moja. Akisema, kijana atapona, na wao watajua kwamba kipo kitu mtambo haukijui, na kwamba yeye anakijua.

"Kapteni," akamuuliza kwa sauti ya chini, "kule Nyamalu ulipita wewe?"

Kijana yule alilitazama bawa. "Nilipewa ramani, mama. Niliambiwa ni dawa ya mbung'o."

"Baadaye hukujua?"

"Baadaye nilijua."

"Na leo unapanda tena."

Akatazama viatu vyake. "Napanda tena."

Felista anasema hapo Veneranda alivuta pumzi kama mtu anayenyanyua ndoo. Kisha akasema kwa nguvu, mpaka wa viti vya nyuma wakasikia:

"Hili silikalii!"

Kanali akageuka. "Mama Veneranda, si wakati wa mila."

"Silikalii, na mtu yeyote asilipande. Litakatika. Tundikeni mizigo mitatu, kama mlivyotundika kwetu. Kwa wa kwanza litashika, kwa wa pili litashika, kwa wa tatu litakatika."

Kisoka alianza kueleza habari za vipimo. Kanali akaagiza ndege itolewe nje. Ni Kapteni aliyevua kofia yake ya urubani, akaiweka sakafuni mbele ya bawa, taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Naomba mizigo mitatu, afande."

"Kapteni, nenda kwenye nafasi yako."

"Nafasi yangu iko ndani ya hilo, afande. Ndiyo maana naomba."

Wageni walikuwa wanatazama. Mkubwa wao, mzee mwenye fimbo, akasema mizigo itundikwe, kwani mchanga una gharama gani?

Askari walileta mifuko. Mzigo wa kwanza ulitundikwa pande zote za duara, bawa likashuka kidogo, likatulia. Kisoka akatabasamu. Wakautoa. Mzigo wa pili ukatundikwa, bawa likashika. Mgeni mmoja akapiga makofi. Wakautoa, wakatundika wa tatu, na walipofika mfuko wa kumi na tisa bawa lilitoa sauti kama kitambaa kinachochanwa dukani, likafunguka kutoka juu mpaka chini, mifuko ikamwagika, na vumbi la mchanga likafika mpaka kwenye vitambaa vyeupe vya viti.

Kapteni Ombeni alisimama akilitazama lile tundu kwa muda mrefu.

Kanali alikuja mpaka mbele ya Veneranda. Hakupiga kelele.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Unajua kilichopungua."

Felista alimfinya mkononi. "Sema hujui," akamnong'oneza. "Vene, sema hujui, twende zetu."

"Najua," Veneranda akasema.

"Basi sema."

"Sisemi."

"Mama, hapa ni kambi ya jeshi."

"Naona. Nikisema sijui, kesho mtanivalisha glavu tena mpaka mkione wenyewe. Kwa hiyo nakuambia ukweli mtupu. Najua, na sisemi. Na glavu zenu hizi hapa."

Akazivua. Zilibana, akavuta kidole kimoja kimoja, hakuharakisha, akamwekea Kanali kiganjani. Nyuma yake zikasikika glavu nyingine zikivuliwa, jozi saba.

*

Walimweka katika chumba cha hesabu za vifaa, chenye meza, viti vitatu na benchi refu la mbao. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kanali akaketi mbele yake, Kisoka pembeni na mashine ya kurekodi, askari mmoja mlangoni. Kanali akatoa karatasi, akafungua kalamu.

"Sheria hainiruhusu kukupiga," akasema, "na mimi si mtu wa kumpiga mama. Lakini naapa mbele ya huyu kijana: humu ndani hakuna atakayelala mpaka useme. Wewe hulali, na mimi silali."

"Haya, baba."

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Hata mimi sikuwa na usingizi."

Kisoka aliuliza mchana kutwa. Ni namna ya kukaa? Ni magoti? Ni saa za kufanya kazi, au unyevu wa vidole? Akakumbuka kwamba wanawake huimba wakisuka, akaruka kama aliyeona dhahabu. "Ni wimbo! Mapigo ya wimbo!" Akamwomba aimbe. Veneranda akaimba wimbo wote, na kiitikio chake, na beti zile za kumcheka mkwe mvivu, na Kisoka akarekodi kila kitu na kuuliza maana ya mkwe.

"Au mlitia dawa?" Kanali akauliza ghafla, na akaonekana ameona haya mwenyewe.

"Tulitia. Tuliruka nalo kwanza sisi, usiku, tukiwa uchi. Andika."

Askari wa mlangoni akageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Kanali hakuandika. Alipoanza tena, alizungumza kwa sauti nyingine, ya mtu na mtu.

"Mama Veneranda, majirani zetu wa kaskazini wanajenga ndege zao. Si siri. Wakija, mimi nitawakabili na nini? Vikapu?"

"Sijui utawakabili na nini."

"Hilo si jibu."

"Si jibu. Sina jibu la majirani. Nina jibu la Nyamalu tu. Majirani hawajaja bado. Nyamalu mmekwisha kwenda."

"Nyamalu yalikuwa makosa."

"Yalikuwa ramani. Kapteni kasema alipewa ramani. Makosa hayachorwi."

Kanali alikunja mikono. "Na marubani wangu? Nikilazimika kuwarusha na mabawa ya mtambo, wafe, damu yao itakuwa ya nani? Neno lako moja lingewaponya."

Hilo lilimgusa, hakuficha. Kisoka akadhani wameshinda, akasogeza mashine karibu.

"Nimewaambia litakatika," akasema polepole. "Nimesema mbele ya wageni. Rubani atakayepanda sasa anapanda anajua, na anayempandisha anajua. Ningenyamaza, damu ingekuwa yangu. Nilichagua isiwe yangu, na yule kijana nilikuwa na sababu ya kumwacha aanguke. Sasa unataka nichague tena, nimponye rubani wako ili akanipofushie watoto wengine kama wa Minza. Mara mbili kwa siku moja, Kanali? Mimi ni mtu mzima."

"Tutakujengea nyumba."

"Ninayo."

"Felista tunaweza kumweka ndani."

"Mtajuta. Hanyamazi."

"Ombi lako ni nini basi? Kila mtu ana ombi."

"Leteni lile la kwanza, tulilolisuka sisi. Nilifumue."

Kanali alicheka kicheko kifupi kilichoishia puani. Kisha akaagiza chai.

Usiku ulipita taa ikiwaka. Veneranda alishawauguza mapacha wake surua, siku sita, mmoja akitulia mwingine anaanza, na alilea wajukuu watano baada yao. Aliujua usiku unavyokuja kwa mafungu, na alijua fungu baya ni lile la kabla ya kucha, na kwamba ukilivuka unapata nguvu za kuazima. Aliketi wima. Vidole vyake vilisukasuka upindo wa kitenge, vikafumua, vikasuka.

Usingizi ulimchukua Kisoka kwanza. Alfajiri aliegemea ukuta ili afikiri vizuri, miwani ikateremka mpaka mdomoni. Askari alibadilishwa, aliyekuja akawa na mafua, na kufika saa tatu asubuhi alikuwa amekaa chini, bunduki mapajani, kinywa wazi. Nje wanawake saba walikuwa wamekaa kwenye nyasi chini ya dirisha tangu jana. Walikataa kwenda na lori. Waliimba mpaka sauti zikakauka, na Kapteni Ombeni, ambaye alikuwa amekwisha kukataa kwa maandishi kurusha ndege yoyote, aliwaletea mablanketi akakaa nao. Jua lilipopanda likawapasha, wakalala mmoja mmoja kama watoto, Felista wa mwisho, anasema mwenyewe, tena alilala akiwa anazungumza. Kapteni alikuwa amelala zamani, kichwa juu ya kiatu chake.

"Silali," Kanali akasema saa tano.

"Hulali, baba."

"Unadhani nitalala."

"Hata kidogo."

"Mimi nimepigana vita viwili."

"Pole sana."

Alimtazama kwa macho mekundu, akitafuta kama amedhihakiwa. Hakudhihakiwa. Alitaka kusema neno, akalitafuta, akaegemeza shavu kwenye ngumi ili alitafute vizuri. Ngumi ikafunguka. Kichwa cha Kanali Rwezaura kikashuka polepole mpaka kwenye meza, kalamu ikaviringika ikagota kwenye mkono wa Veneranda.

Alingoja kidogo, kuhakikisha. Kanali alikoroma.

Chini ya kiwiko chake kulikuwa na ile karatasi ya jana. Veneranda aliivuta taratibu, akaigeuzia mwanga wa dirishani, akaisoma kwa kufuata na kidole. Juu kulikuwa na tarehe na jina lake, limeandikwa sawasawa. Chini yake, kwa saa ishirini na tano zote zile, yalikuwa yameandikwa maneno mawili tu: *Anasema anajua.*

Akaichukua kalamu. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, wa mtu asiyeandika mara nyingi, na alikaza sana mpaka herufi zikatokeza upande wa pili.

*Na hasemi.*

Aliirudisha karatasi chini ya kiwiko cha Kanali. Kisha akavua viatu, akavipanga, akajinyoosha kwenye benchi na kitenge chake kikamfunika mpaka masikioni. Jua la saa tano lilikuwa limejaa chumba kizima. Hata dakika haikupita, akawa amelala.